Shilingi Tatu kwa Saa: Ni Nani Anayelipia Matunzo ya Wazee Wetu?



Leo tuanze na hesabu. Toa simu yako, fungua kalkuleta. Andika 2,000. Gawanya kwa 30. Jibu ulilopata ligawanye tena kwa 24. Umepata ngapi? Shilingi mbili na senti sabini na nane. Hata tukikuongezea iwe shilingi tatu, mahamri moja hupati.

Hiyo ndiyo pesa ambayo mpango wa Inua Jamii unatoa, kwa kila saa, kwa nyumba iliyo na mtu mwenye ulemavu mkubwa. Shilingi 2,000 kwa mwezi. Na hayo masaa 24 sikuyatoa kichwani mwangu, ni masharti ya mpango wenyewe. Ili mtu aingie kwenye orodha hiyo, lazima awe anahitaji mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Yaani serikali yenyewe imekubali kwamba huyu hawezi kuachwa peke yake. Kisha ikanyamaza kuhusu yule anayebaki naye.

Mimi nataka tuzungumze kuhusu yule anayebaki naye.

Kwetu alikuwa dadangu. Nyanya yetu alipatwa na kiharusi nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Upande mzima wa kulia ukafa. Mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kukanda unga, ghafla akawa hawezi hata kujifunga leso. Hospitalini tukaambiwa tumpeleke nyumbani, tumgeuze kila baada ya masaa mawili asitoke vidonda mgongoni, na tumnyooshe mkono na mguu kila siku. Basi, tukapewa karatasi. Hakuna aliyetuonyesha mtu mzima anageuzwa vipi bila kumuumiza na bila kujiumiza. Hakuna aliyetuuliza ni nani nyumbani atakayemgeuza.

Kikao cha familia hakikumaliza hata dakika kumi. Baba kazini. Mama ana biashara ndogo na ndiyo inayoleta unga. Mimi niko chuo. Dadangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri kuanza kozi ya maabara. Hakuna aliyemwambia wewe ndiye utakayebaki, na haikuhitaji kusemwa. Alibaki miaka mitatu na ushee, mpaka nyanya aliporudi kwa Mola wake. Mimi nikatoka na diploma. Yeye akatoka na maumivu ya mgongo yanayomsumbua hadi leo, kwa kuinua mtu mzima mara nane, mara kumi kwa siku.

Sisemi haya nionewe huruma. Nasema kwa sababu nilikuwa nikilala nyumba hiyo hiyo kila likizo na sikuona. Nilikuwa nadhani nikituma mia tano ya pampasi nimeshatimiza wajibu wangu. Nilikuwa nikipita mlangoni, namwamkia nyanya shikamoo, nakaa dakika tano, namwombea dua, naondoka. Watu wakisema familia yetu inamtunza mzee wao vizuri, mashallah, nami nachukua fungu langu la sifa. Familia haikuwa inamtunza nyanya. Msichana mmoja ndiye aliyekuwa akimtunza.

Na zile 2,000 za wazee je? Hatukuzipata. Nyanya alizaliwa zama ambazo tarehe haziandikwi, na alipochukua kitambulisho, mwaka wake wa kuzaliwa ulikadiriwa tu ofisini. Wenzake wa rika moja walikuwa wamepita sabini, lakini kitambulisho chake kilisema ana 66. Inua Jamii ya wazee inaanza 70. Nyanya alifariki kabla kitambulisho chake hakijafika huko.

KATIBA INASEMA NINI

Watu wengi hawajui kwamba jambo hili limo kwenye Katiba ya 2010. Fungua Kifungu cha 57. Kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali. Rudia kusoma hapo. Hakikusema familia au Serikali. Kimewataja wote wawili, kikaunganisha na neno "na". Kifungu cha 54 nacho kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na kupata vifaa vya kuwasaidia. Kifungu cha 43 kinaitaka Serikali iwape msaada wa kijamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea.

Katiba hiyo hiyo, kwenye Kifungu cha 260, inasema mzee ni mtu aliyefikisha miaka 60. Sasa pesa za wazee zinaanzia 70. Kuna miaka kumi hapo katikati ambayo wewe ni mzee kwenye Katiba lakini kwenye malipo bado.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kati yao, milioni 2.7 walikuwa na miaka 60 au zaidi. Watu wenye ulemavu waliohesabiwa walizidi 900,000. Si wote wanaohitaji kuinuliwa kitandani, wazee wengi bado wanalima, wanavua na wanafungua duka. Lakini kila mwaka idadi inapanda, maana watu wanaishi zaidi na presha na sukari zimejaa mitaani. Anayeponea kiharusi leo anaweza kuishi miaka kumi mingine. Hiyo ni neema. Miaka hiyo kumi pia ni masaa ya mtu fulani.

Nisiwe mwongo, kuna yaliyofanyika. Kabla ya 2018 pesa za wazee zilikuwa za maskini waliochaguliwa tu. Tangu 2018 zimefunguliwa kwa kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi. Mwaka 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Ni hatua. Lakini kiwango cha 2,000 kimekaa hapo hapo kwa zaidi ya miaka kumi, wakati wewe mwenyewe unajua unga na mafuta ya taa vilikuwa bei gani miaka kumi iliyopita. Na hiyo 2,000 ni ya chakula cha mzee. Ya mtunzaji haimo.

Kisha kuna ndugu zetu ambao hata kwenye foleni hawajafika. Ili uandikishwe ni lazima uwe na kitambulisho. Wazee wa kaunti za mpakani wamekaa miaka na miaka wakipigwa msasa kuthibitisha kuwa ni Wakenya, na wapo Wakenya halisi ambao majina yao yalinaswa kwenye orodha ya wakimbizi. Tunapopigania vitambulisho kwenye ukurasa huu, wengi hufikiria kijana anayetafuta kazi. Mfikirie pia ajuza wa miaka themanini, hana kitambulisho, kwa hivyo kwa serikali hajazeeka.

"KWETU HATUFANYI HIVYO"

Ninapozungumza mambo haya kwenye vikao vya vijana, jibu la kwanza huwa ni hili: sisi si Wazungu, sisi hatupeleki wazazi wetu makao ya wazee. Pepo iko chini ya nyayo za mama. Serikali itatuingiliaje?

Hebu tulizame hilo jambo kwa utulivu, maana lina ukweli ndani yake. Kumtunza mzazi ni ibada, na hakuna atakayetuondolea wajibu huo. Lakini wacha nikuulize. Kwenye nyumba yenu, hiyo ibada inafanywa na nani? Ni wewe unayemwosha mzee, au ni dadako, shemeji yako, binti wa kazi? Mbona wanaosema kwa sauti kubwa kwamba hatuhitaji msaada ni wale ambao hawajawahi kubadilisha shuka la mgonjwa saa tisa usiku?

Tena historia yetu wenyewe haisemi hivyo. Kisa cha Sayyidna Umar na mzee wa Kiyahudi aliyemkuta akiombaomba tunakijua tangu madrasa. Kama kilivyopokewa, Umar hakumwambia akatafute watoto wake. Aliamuru apewe kutoka Baitul Mal, yeye na walio kama yeye. Na al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia 705 hadi 715, wanahistoria akiwemo Tabari wameandika kwamba aliwapangia vipofu watu wa kuwaongoza na wasioweza kutembea watu wa kuwahudumia. Hapo dola ilifikiria hata mkono wa kumshika mtu. Miaka 1,300 iliyopita.

Na makao ya wazee si lazima yawe ya Kizungu. Vuka hapo Unguja, serikali ya Zanzibar ina makao ya wazee Sebleni na Welezo. Wako wazee wasio na mtoto, au watoto walishatangulia mbele ya haki. Kilifi hapa tunajua wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi pana shamba. Mzee kama huyo utamwambia arudi kwa familia yake? Familia ndiyo anayoikimbia.

TUNA MPANGO WA WAZEE WA NCHI NYINGINE

Hapa ndipo damu yangu huchemka. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi wetu huko. Septemba 2024 tukatia saini mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani. Na sote tuna dada, shangazi au jirani aliyekwenda Saudia au Qatar kufanya kazi za nyumbani, na nyingi ya kazi hizo ni kuosha, kulisha na kulaza wazee wa watu. Sina neno na anayekwenda kutafuta riziki. Mwenyezi Mungu awahifadhi na awarudishe salama. Lakini tazama picha yote. Kijana wetu anafunzwa na kusafirishwa kumtunza mzee wa Berlin, na anayemtunza mzee wa Kisauni hajafunzwa lolote.

Kwa nini Mjerumani anaweza kumlipa mtunzaji? Kwa sababu alipanga mapema. Tangu 1995 Ujerumani ina bima ya lazima ya matunzo ya muda mrefu. Mfanyakazi anakatwa, mwajiri anachangia, na mtu akifika hali ya kuhitaji kutunzwa, anapimwa kiwango chake kisha familia inachagua: wapewe pesa wamtunze wenyewe, aje mhudumu nyumbani, au aende kwenye makao. Wengi hutunzwa nyumbani, na mara nyingi na jamaa zao. Hata mke au binti anayemtunza mzee kwa masaa mengi huwekewa michango ya pensheni yake mwenyewe. Basi ile hofu kwamba serikali ikiingia watoto watawatupa wazazi, huko haikutokea hivyo.

Sisi tuna SHA tangu Oktoba 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Ni bima ya matibabu. Nyanya akilazwa, sawa. Akitoka wodini akaja kulala kitandani kwenu miaka mitatu, hapo mko peke yenu.

Utaniambia Kenya si Ujerumani, pesa hatuna. Sawa. Sisemi tuanze na ya Ujerumani. Nasema tuanze na kilichopo mtaani.

TUNATAKA NINI

Kwanza, wahesabiwe. Tuna wahamasishaji wa afya ya jamii, hao CHP, zaidi ya 100,000 nchi nzima. Tangu Septemba 2023 wanatembea na mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Wanajua kila nyumba. Waandike nyumba gani ina mtu wa kitandani, na ni nani anayemtunza. Kaunti haiwezi kupanga kwa watu isiyowajua.

Pili, mafunzo. Hakuna mgonjwa wa kiharusi anayepaswa kutoka hospitalini kabla mtu wa nyumbani kwake hajaonyeshwa kwa mikono namna ya kumgeuza, kumlisha asipaliwe na kumnyoosha viungo. Hili ni kama saa moja ya muuguzi. Ingemwokoa dadangu mgongo wake.

Tatu, vifaa. Kiti cha magurudumu, kitanda cha kupandisha, godoro la kuzuia vidonda. Hivi vinaweza kukaa kwenye zahanati ya wadi, familia ikaazima na ikarudisha. Wangapi tuna kiti cha marehemu kinachoshika vumbi uani?

Nne, mapumziko. Ukumbi wa kijamii mmoja kwa wadi, siku mbili kwa wiki, wazee na watu wenye ulemavu waletwe asubuhi, wawe na muuguzi na chai na mazungumzo, warudi mchana. Mtunzaji apate masaa sita ya kulala, kwenda sokoni, au kusoma.

Tano, posho ya mtunzaji, kwa jina lake mwenyewe. Hebu tupige hesabu nyingine. Tuseme kila wadi ianze na watunzaji 50 walio kwenye hali ngumu zaidi, kila mmoja shilingi 3,000 kwa mwezi. Ni shilingi milioni 1.8 kwa wadi kwa mwaka. Mombasa ina wadi 30, kwa hivyo ni milioni 54. Si pesa kidogo. Lakini bajeti ya kaunti inahesabiwa kwa mabilioni, na sote tumeona mambo yanayopewa milioni 54 bila mtu kutokwa na jasho.

WEWE UNAINGIA WAPI

Afya ni kazi ya kaunti, iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Na Kifungu cha 201 kinasema wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Tatizo letu ni kwamba tunafika kwenye kikao cha maoni ya umma siku ambayo kila kitu kimeshaandikwa, tunapewa soda, tunatia saini, tunarudi nyumbani.

Weka tarehe hizi kwenye simu yako. Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti inapaswa kupeleka bungeni Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata. Hapo ndipo jambo huingia au hukosa. Kufikia 28 Februari, Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Ukingoja Juni umechelewa.

Na kuna kubwa zaidi. Mipango ya miaka mitano ya kaunti inayotumika sasa ni ya 2023 hadi 2027. Inayofuata, ya 2028 hadi 2032, itaandikwa mwaka wa uchaguzi. Kila anayetaka kura yako atapita mtaani kwenu 2027 akiahidi barabara, taa na basari. Muulize swali moja tu: mtu anayemtunza mgonjwa wa kitandani kwenye wadi hii, umempangia nini? Akikujibu kwamba atawaletea wazee blanketi, mwambie asante, blanketi tunazo.

Usiende peke yako. Nenda na wale wenye jambo lenyewe. Mama mwenye mtoto wa miaka kumi na minane asiyeweza kukaa mwenyewe ana hoja nzito kuliko hotuba yangu yote, lakini hawezi kufika kikaoni kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Basi kijana mmoja abaki na mtoto, mwingine ampeleke mama. Hiyo ndiyo kazi ya kikundi cha vijana, tena hailipiwi ukumbi wala tisheti.

Misikiti nayo isaidie. Zaka na sadaka zinafika kwa wagonjwa, alhamdulillahi. Lakini kamati ikitembelea mgonjwa, imuulize na mtunzaji anahitaji nini, asiwe ni mtu wa kuleta chai tu na kurudi jikoni. Hii haiondoi wajibu wa serikali. Sadaka ya mwezi huu huenda isipatikane mwezi ujao, na haki iliyo kwenye Katiba haipaswi kungoja mtu awe na moyo mzuri.

Na kwa ndugu zangu wa kiume, najisema na mimi: kujifunza kumgeuza mgonjwa hakuhitaji Katiba. Chukua zamu. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi uwe wako.

Dadangu alianza ile kozi ya maabara mwaka jana, akiwa darasani na watoto aliowazidi miaka mingi. Nilipomwambia nitaandika makala haya, alicheka. Akaniambia, "Andika, lakini waulize pia wao, usiku wa jana ni nani aliyeamka nyumbani kwao."

Basi ninawauliza. Jibu halihitaji kuandikwa hapa chini. Nenda ukamwambie huyo aliyeamka kwamba leo ni zamu yako.